Mguu wa Mama na Swali la Pili

Mama yangu ana sukari, na ana adabu. Kwa muda mrefu nilidhani la kuogopa ni sukari peke yake.

Siku tulipoambiwa kliniki kwamba ni kisukari, hakuuliza atakula nini wala dawa atameza mpaka lini. Aliuliza kuhusu miguu. Mdogo wake, ambaye mimi nilikuwa nikimwita mama mdogo, naye alikuwa na ugonjwa huo huo. Alikatwa mguu juu ya goti, na baada ya hapo hakukaa sana duniani. Mama ndiye aliyemuuguza, akimgeuza na kumwogesha, na alichokiona hakukisahau.

"Mimi msinikate," aliniambia tukiwa njiani kurudi nyumbani Munje. "Nizikwe na miguu yangu yote."

Nikamwambia aache kujitabiria mabaya, hakuna daktari anayemkata mtu bure. Nilisema kwa ukali, kwa sababu mimi nikiogopa huwa mkali. Wanaonijua wamezoea.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Ukunda, nashona mapazia ya mahoteli ya Diani na sare za wafanyakazi wao. Mama anaishi kwake Munje, na minazi yake na mihogo yake, na hataki kusikia habari ya kuhamia kwangu. Alikuja mara moja kukaa nami, akasema watu wa Ukunda hawasalimiani, wanapitana njiani kama mbuzi. Akafunga virago akarudi kwake.

Basi kliniki ilipotuambia kuna ukurasa wa mtandaoni ambao mgonjwa anaweza kuingizia vipimo vyake akiwa nyumbani, na muuguzi akaviona huko huko kliniki, sikungoja kuambiwa mara mbili. Nilimnunulia mama simu ya kupangusa. Muuguzi wa kliniki ya sukari, binti kutoka bara mwenye maneno ya haraka na moyo mwema, aliketi nasi akatufungulia akaunti. Mimi pia aliniandikisha, kama mtu wa karibu wa mgonjwa, ili niwe naona anachokiona yeye.

Mama hasomi haraka, lakini ukurasa ule ulikuwa na sauti, na sauti yenyewe ni ya yule muuguzi. Alikuwa amejitahidi kutafuta maneno ya pwani, maskini, ili wazee wetu wasione wanasemeshwa na karani. Kila asubuhi mama akifungua, sauti inamwambia, "Habari ya asubuhi, mama? Ingiza kipimo chako cha sukari." Akishaingiza, inamuuliza, "Na habari za miguu?" Hapo panatokea nyuso tatu za kugusa: wa kijani unacheka, wa manjano umenuna, na mwekundu unalia. Akigusa uso mmoja, sauti inamwambia, "Asante, mama. Siku njema."

Mama aliupenda ukurasa ule kuliko nilivyotarajia. Aliufungua akiwa ameshaoga na kujifunga leso safi, ameketi barazani kama mtu anayengoja mgeni. Sauti ikimsalimu, anaijibu kwa mdomo, "Njema, mwanangu. Sijui nyinyi huko." Nilimweleza mpaka nikachoka kwamba simu haimsikii, ni sauti iliyorekodiwa tu. Alinijibu kwamba hata kama haimsikii, yeye amesalimiwa.

Nami huko Ukunda, kabla sijafunua cherehani, nilikuwa naitazama simu. Namba ya sukari, na chini yake uso wa kijani. Roho inatulia, nashona. Sijui niseme vipi jinsi nilivyoushukuru ule uso. Kwa mtu ambaye mama yake yuko mbali na hataki kuhama, ulikuwa kama kusikia mlango wa chumba chake ukifunguliwa asubuhi.

Kisha namba zikaanza kupanda. Si kwa ghafla, zilipanda kidogo kidogo. Muuguzi akamwandikia mama apunguze wanga, daktari akamwongezea dawa, namba zikaendelea kupanda. Ulikuwa msimu wa arusi, nami nikaamua moja kwa moja kwamba mkosaji ni mahamri. Nilimpigia nikampa mawaidha marefu kuhusu mahamri, kaimati na pilau za watu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia." Chini ya namba, uso ulibaki wa kijani.

Arusi moja katika hizo ilikuwa yetu, ya binti wa kaka yangu. Nilifunga kibanda nikaenda Munje siku ya hina. Mikeka ilikuwa imetandikwa, akina mama wamejipanga miguu mbele, na chumba cha pili wanaimba. Mama alikuwa ameketi pembeni ya ukuta, ananukia udi kuliko bibi harusi mwenyewe. Zamu yake ilipofika alitoa mguu wa kulia. Ukapakwa. Akaambiwa atoe wa kushoto, akasema huo umechoka, uacheni tu.

Wanawake wakaangua kicheko. Shangazi yangu mmoja akasema, "Nyanya wa bibi harusi mguu mmoja mwekundu, wa pili mweupe! Wakweze watasema hina imetuishia." Mama akacheka pamoja nao, lakini mguu hakuutoa.

Mimi mama yangu namjua. Alinifundisha kupaka hina kabla hajanifundisha kupika, na sijapata kumwona akiikataa. Nilisogea nikaishika leso aliyojifunika miguuni. Akaniangalia kwa lile jicho ambalo utotoni lilinitoa chumbani mbio. Nikafunua.

Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi. Chini yake kulikuwa na kidonda, amekifunga kwa kitambaa cha leso kuukuu, amekipaka manjano na mafuta ya nazi. Udi wote ule ulikuwa wa kuficha harufu. Alikuwa amekanyaga kipande cha kifuu uani, na kwa kuwa sukari ilikwisha kuitia miguu yake ganzi, hakusikia chochote mpaka alipoona majimaji kwenye mkeka wake.

"Tangu lini, mama?"

"Kitambo kidogo."

Nilitoa simu yangu pale pale, mbele ya watu, nikamfungulia ule ukurasa. Nyuso za kijani, moja juu ya nyingine, asubuhi baada ya asubuhi. "Na hizi ni nini?" nikamuuliza. "Umemdanganya muuguzi, na mimi umenidanganya!"

Neno lile lilimwingia. Mama yangu unaweza kumwita mkaidi akacheka, lakini mwongo hajawahi kuitwa na mtu.

"Sikumdanganya mtu," alisema taratibu. "Binti wa watu amenisalimu. Habari za miguu. Nimrukie na vidonda asubuhi asubuhi, hata hatujajuliana hali? Nimemjibu njema, kama anavyojibiwa mtu. Kisha nikangoja aniulize tena."

"Akuulize tena nini?"

"Aniulize tena! Mtu huulizwa tena. Hakuniuliza. Akaniambia siku njema, akaenda zake. Nikasema labda leo ana wagonjwa wengi, ana haraka. Kesho ataniuliza."

Kila asubuhi alikuwa amejitayarisha kusema, na kila asubuhi akaagwa kabla hajafika. Nikaketi chini mkekani. Hasira yote ilinitoka, na kilichobaki kilikuwa hofu tupu. Shangazi yule aliyekuwa akitania ndiye aliyeinuka kutafuta gari.

Tulimtoa arusini akiwa na hina mguu mmoja. Kliniki, muuguzi alikifungua kile kitambaa, akaanza kuongea haraka kama kawaida yake. "Kwani hii imeanza lini? Mbona kwa simu ananiambia ako poa? Kila siku ni kijani! Mami, mbona hukuniambia?"

Mdomo wangu hauna breki, na siku hiyo nilikuwa nimeshaupakia maneno. Nilitaka kumwambia simu yake haina maana, na nyuso zake, na siku njema zake. Lakini mama alinitangulia. "Usimlaumu," akaniambia mimi, si yeye. "Alinisalimu vizuri."

Muuguzi hakuelewa. Nikamweleza, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, kwamba mgonjwa wake amekuwa akingoja kuulizwa mara ya pili. Nilitarajia ajitetee, aniambie maagizo yalikuwa wazi, kijani ni kijani. Hakujitetea. Alimgeukia mama, akasema, "Pole, mama," na hiyo ndiyo pole niliyoiona ikitoka moyoni kuliko zote nilizowahi kupewa hospitalini.

Daktari alipofika hakutuzungusha. Alisema kidole kimeshakufa, kikiachwa kitauchukua mguu. Usaha ulikuwa umeanza kupanda. Wangekata kidole, wasafishe, wampe dawa kali za kuingizwa mshipani, kisha tungoje tuone kama mguu utakubali. Kama tungechelewa zaidi, alisema, tungekuwa tunazungumzia goti.

Mama aliposikia goti aligeuza uso akatazama ukutani. Nilijua anamwona nani pale. Baadaye akageuka akamwambia daktari, "Kidole chukueni. Mguu niachieni."

Wakakichukua. Kisha tukangoja. Kila walipofungua bendeji nilisoma uso wa daktari kabla sijatazama mguu, na nyumbani Munje watu walikuwa wakisoma dua. Wekundu wa kidonda ulikuwa umefika kwenye kifundo. Ukasimama hapo. Nikaanza kupumua, lakini kwa tahadhari.

Katika kungoja huko, muuguzi alishuka wodini mchana mmoja wakati wa mapumziko yake, akavuta kiti. "Mama," akasema, "nifunze. Watu wa huku mnasalimianaje mpaka mtu aseme ukweli?"

Mama alifurahi, nikaona shingo inanyooka juu ya mto wa kitanda. Akajiweka sawa, akamwambia, "Wewe uwe umekuja kwangu. Piga hodi."

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Njema."

Muuguzi akasita. "Sasa?"

"Sasa wewe unaniuliza watoto. Usiwe na haraka, hujaketi bado."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wako salama."

"Mlilalaje?"

"Tulilala salama, twamshukuru Mungu."

"Na wewe mwenyewe, mama?"

"Mimi sijambo," alisema mama, akashusha sauti, "ila mguu huu, mwanangu."

Akanyamaza ili mwanafunzi wake aone alipofika. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama wa makamo aliyelala upande ule akitusikiliza, akasema, "Hapo ndipo." Muuguzi alicheka mpaka akafuta macho, na sidhani yalikuwa machozi ya kicheko peke yake. Akaomba warudie tangu mwanzo. Wakarudia, mara hii yeye akiwa mgonjwa, na mama akamrekebisha kwa kuwa alifika kwenye ugonjwa upesi mno.

Sijui alizungumza na nani kati ya wanaousimamia ule ukurasa, wala ilimgharimu nini kuwashawishi. Nilijua tu kwamba mama aliporudi nyumbani, mguu ukiwa umefungwa na daktari amesema "tunaendelea vizuri" kwa sauti ya mtu asiyetaka kuahidi, ukurasa ulikuwa umebadilika. Sauti ilikuwa ile ile, lakini imetulia. Sasa ilipiga hodi. Ilitoa shikamoo. Iliuliza nyumbani, ikauliza watoto, ikauliza usiku, na baada ya kila swali ilinyamaza kidogo ili mtu ajibu. Kisha ikauliza, "Na wewe mwenyewe, mama? Umeitazama miguu? Niambie hata lililo baya." Nyuso zilikuwa zimeondolewa. Badala yake kulikuwa na kitufe cha kusema kwa sauti yako, na kingine cha kupiga picha ya mguu.

Asubuhi ya kwanza niliacha kila kitu nikasikiliza. Mama alijibu njema zote kwa zamu. Ilipofika kwake, akakohoa. "Mimi sijambo, ila kitambaa kimelowa tangu jana, na picha imekuja giza, kamera hii sijaiweza." Muuguzi alimpigia saa hiyo hiyo. Siku ile ile akasafishwa.

Muuguzi aliniambia baadaye, bila kumtaja mtu, kwamba si mama peke yake. Watu waliokuwa kijani siku zote walianza kusema. Mvuvi mmoja wa upande wa Shimoni, aliyekuwa mzima wa afya kwa simu tangu aandikishwe, aliulizwa mara ya nne akasema hajambo, ila ni muda sasa haoni vizuri kufunga ndoana. Alipelekwa kwa daktari wa macho. Nilimwuliza muuguzi anajisikiaje. Akaniambia siku hizi kazi imekuwa ndefu maradufu, kila mtu ana la kusema, na hawezi kurudi nyuma.

Mimi binti huyo namwombea dua kila ninapokumbuka, na nakumbuka mara nyingi. Hakuzaliwa huku. Angeweza kusema watu wa pwani wana mambo mengi, akatuacha na adabu zetu zituue. Wengine wamesema hivyo kwa mambo madogo kuliko hilo. Yeye alivuta kiti.

Miezi ilipita, picha za mguu zikawa zinakuja kila asubuhi. Nilijifunza kuzisoma kama ninavyosoma kitambaa: hapa panavuta, hapa pamelegea, hapa pameanza kushikana. Nyama ikajaa, ngozi ikasogea kutoka pembeni. Mwishowe ikaja picha ambayo hakuna cha kutazama, mguu tu wa mwanamke mtu mzima. Nilipiga kelele kibandani, mteja akadhani nimejichoma sindano. Kliniki wakathibitisha: kidonda kimefunga. Kilichobaki ni kuulinda, kuuosha na kuutazama kila siku, maisha yote.

Asubuhi ya pili baada ya hapo, nilifungua simu nikitarajia maneno ya furaha. Sauti ya mama ilijibu nyumbani njema, watoto salama, usiku salama. Kisha nikasikia kuku wake kwa nyuma.

"Mimi sijambo, na mguu umefunga, alhamdulillahi," akasema. "Ila naogopa."

Nilifunika cherehani. Muuguzi alikuwa ameshaandika chini yake, "Nimekusikia mama, nakupigia," na alimpigia, wakazungumza. Nami nilikwenda Munje.

Nilimkuta ametoa beseni uani, anataka kuosha miguu. Nikamwambia akae, leo nitamwosha mimi. Nilipima maji kwa kiwiko, kama tulivyofundishwa, kwa kuwa miguu yake haiwezi kumwambia kama ni ya moto. Nikauweka mguu wa kushoto pajani mwangu. Ulikuwa mwepesi. Tangu nilipokuwa mtoto sikuwahi kumsikia mama akisema anaogopa kitu, na sasa alikuwa amemwambia binti wa bara kwenye simu, na mimi nimesikia kwa sababu nimeandikishwa.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilitoka bila ukali wowote, ikanishangaza. "Mimi pia naogopa. Naogopa sana. Tangu siku ile ya kwanza."

"Najua," akasema. "Nilikuwa najua tangu unanigombeza njiani. Ndiyo maana hata wewe nilikuwa nakujibu sijambo. Nilitaka angalau mmoja wetu awe analala."

Nilichukua kitaulo nikamkausha mguu, kidole kimoja baada ya kingine, na katikati ya kila kidole, vinne vyote.